Mselem na Ratiba ya Brazili

Kwa miaka kumi na minane Mselem Kombo alikula mshahara wa kuwafokea watu kwa sababu ya karatasi. Ndiyo iliyokuwa kazi yake. Katika ghala moja la mizigo huko Midrand, karibu na Johannesburg, yeye alikuwa msimamizi wa safari za malori. Alijua lori lipi linatoka saa ngapi, dereva wake atalala wapi, foleni ya mpaka wa Beitbridge ina urefu gani, na nani amebeba karatasi zipi za forodha. Dereva akisahau hata muhuri mmoja, Mselem alimfuata kwa simu mpaka hukohuko mpakani na kumuuliza kwa sauti ya mwalimu mkuu: "Kichwa umekiacha wapi? Karatasi kwanza, gurudumu baadaye!" Maneno hayo yalijulikana ghala zima. Dereva mmoja aliyaandika kwa rangi nyuma ya kiti chake.

Mselem alikuwa mtu wa Tanga, wa Ngamiani hasa, mwenye miaka hamsini na nne, kitambi cha wastani na imani kubwa juu ya akili yake. Aliishi mtaa wa Mayfair na mkewe Samira, aliyekuwa na kiduka cha kushona mapazia Marshalltown, na binti zao wawili, Bushra wa miaka ishirini na minne na Tumu wa kumi na sita. Mabinti hao walizaliwa Johannesburg. Kiswahili walikielewa chote, hasa kile cha kugombezwa, lakini ukiwasemesha kwa Kiswahili walikujibu kwa Kiingereza, na wakiwa wao kwa wao walimwaga Kizulu kwa kasi ya cherehani ya mama yao. Kwa miaka mingi Mselem alifungua darasa la Kiswahili sebuleni kila Jumamosi asubuhi. Darasa lilikuwa na ubao, chaki na mwalimu. Wanafunzi ndio waliokosekana.

Kitu ambacho hakuwahi kukifanya maishani ni likizo. Alisafiri, ndiyo, lakini safari kwake ilikuwa ya aina moja tu: kila baada ya miaka miwili kwenda Tanga na mabegi yaliyofungwa kamba, shangazi huyu anangoja blanketi, binamu yule anangoja simu, na wa tatu amenuna kabla hujafika kwa kuwa safari iliyopita hukulala kwake. Kwenda mahali ambako hakuna anayekungoja wala anayekununia, hilo hakujua hata linafanywaje.

Basi mwezi wa pili Bushra akaja na habari. Alikuwa ameajiriwa na shirika moja la ndege, pale kwenye kaunta wanapokagua pasipoti na kupima mizigo, na alikuwa ametimiza mwaka mmoja kazini.

"Baba, nimepata tiketi za familia," alisema wakiwa mezani, kwa Kiingereza chake. "Wote wanne. Popote ndege zetu zinapokwenda, mradi tukubali kukaa kwenye viti vitakavyobaki."

"Zinakwenda Dar?" Mselem akauliza hapohapo.

"Dar tunaijua, Baba Bushra," Samira akamkata. "Mimi nimechoka kubeba mablanketi. Safari hii nataka kwenda mahali ambako sina wifi hata mmoja."

Mselem, kwa ajili ya mpira, akapendekeza Ajentina. Kwa kuwa hakutaka kukutwa hajajiandaa, siku ileile akaanza kujifunza Kihispania kwenye simu. Wiki mbili baadaye Bushra akatazama vizuri orodha ya safari na kuona kwamba kule Amerika ya Kusini ndege yao inatua São Paulo tu. Ikawa Brazili. Na Wabrazili, kama kila mtu pale mezani alivyojua, husema Kireno.

"Si kitu," akasema Mselem. "Kihispania na Kireno ni ndugu. Ni kama Kiswahili cha Tanga na cha Unguja. Mtu wa Tanga akienda Unguja atakufa njaa?"

Akaendelea na Kihispania chake. Simu ilikuwa imeshampa nyota ishirini na mbili na hakuwa tayari kuzitupa.

Hakuna aliyempigia kura kuwa mpangaji mkuu. Alijiteua, akajipongeza, akanunua faili jipya. "Mniachie mimi," aliwaambia wenye mashaka naye, yaani mke na mabinti. "Mimi kila siku nafikisha malori arobaini salama. Nitashindwa na watu wanne?"

Kule ofisini, ukutani nyuma ya meza yake, palikuwa na ramani kubwa ya kusini mwa Afrika. Kwa miaka yote kumi na minane Mselem alipima njia kwa kidole gumba: gumba moja, saa moja ya lori. Hakuwa na haja ya kikokotoo. Sasa akachapisha ramani ya Brazili nzima kwenye karatasi moja ya kawaida, ile ya kuandikia barua, akalaza gumba lilelile juu yake na kuanza kuhesabu. São Paulo hadi maporomoko ya Iguaçu, gumba mbili. Kumbe karibu! São Paulo hadi Salvador, gumba tatu. Salvador hadi Manaus kule kwenye mto Amazoni, gumba sita kasoro, siku moja ya dereva mzuri. Akachora njia yote kwa kalamu nyekundu. Nchi nzima ingezungukwa kwa siku kumi, kwa gari dogo la kukodi, na nafasi ya kupumzika ikabaki. Akashangaa kwa nini watu hulipa mawakala wa utalii.

Meza ya pili yake alikaa Bakiri, karani wa forodha, mtu mpole wa Palma kule kaskazini mwa Msumbiji, ambaye Kiswahili alizaliwa nacho na Kireno alisomea. Miezi miwili Bakiri alimsikiliza jirani yake akinong'ona Kihispania wakati wa chai, asiseme neno. Siku alipoiona ratiba, uvumilivu ukamwisha.

"Kaka Mselem, naomba nikuulize bila ubaya. Hapa umeandika, siku ya pili chai São Paulo, chakula cha mchana kwenye maporomoko."

"Ndiyo. Gumba mbili."

"Gumba mbili za ramani ipi?"

Mselem akageuka kutazama ukuta. Akatazama karatasi. Akatazama tena ukuta. Mtu aliyefanya kazi na ramani karibu miongo miwili alikuwa amesahau kwamba ramani zina vipimo.

"Brazili hiyo, kaka, inaingia Afrika Kusini saba kasoro kidogo," Bakiri akasema taratibu, kama anayetoa habari ya msiba. "Gumba zako mbili ni kama kutoka hapa kwenda Harare. Na hii ya mwisho, ya Manaus, watu huenda kwa ndege au kwa meli za mtoni. Hapa ulipochora nyekundu ni msitu."

"Msitu wote?"

"Karibu wote. Na kuna jambo la pili, utanisamehe. Lile neno la kusifia chakula unalolifanyia mazoezi, *exquisito*. Kwa Kireno linakuwa kitu cha ajabuajabu, kisichoeleweka. Mama wa watu atakupikia, utajilamba vidole, halafu utamwambia chakula chake ni kioja."

"Miezi miwili unanisikia na umenyamaza?"

"Ulikuwa na furaha, kaka," Bakiri akajibu.

Mtu mwingine angekabidhi faili siku ile. Mselem akaifuta Manaus kwa wino mweupe na kuendelea. Kilichopungua kwa umbali alikifidia kwa dakika. Ratiba ikafika kurasa kumi na nne. Saa kumi na moja swala. Saa kumi na moja na dakika ishirini kukagua matairi. Mapumziko, dakika kumi na mbili. Tumu aliisoma akiwa amelala kwenye sofa, akacheka mpaka akaanguka chini, kwani kila siku saa kumi na nusu jioni paliandikwa: "Mazungumzo ya familia, nusu saa. Mada itatangazwa."

"Mada itatangazwa na nani, Baba?" aliuliza.

"Na mimi," Mselem akasema, akajua palepale kwamba alivyojibu ndivyo alivyo.

Mizigo nayo akaisimamia. Kwa kuwa Brazili iko kusini kama Johannesburg, alitoa hukumu kwamba mwezi wa saba kule ni baridi kali, kila mtu achukue koti zito. Bushra alipomwambia Salvador watu huogelea Julai, alimwambia asiamini kila anachokisoma. Kisha akaleta doti sita za khanga alizoagiza kwa mfanyabiashara mmoja wa Mayfair.

"Za nani hizi?" Samira akauliza.

"Zawadi."

"Za nani, Baba Bushra? Hatumjui mtu Brazili."

"Hatuwezi kwenda mikono mitupu."

Samira akazikunja zile khanga na kuzitia begini.

Sasa tufike kwenye karatasi. Ukurasa wa kwanza wa ratiba ulikuwa na jedwali: majina manne, na mbele ya kila jina alama ya tiki chini ya neno "viza". Mselem alikuwa amesoma kwa macho yake mwenyewe kwamba wenye pasipoti za Afrika Kusini huingia Brazili bila viza. Alifurahi sana siku hiyo. Akateremsha kalamu: tiki, tiki, tiki, tiki. Mwendo wa mkono ulikuwa mzuri, hakuona sababu ya kuukatiza.

Zilibaki siku kumi na nane. Ilikuwa Jumapili mchana, Bushra amekaa mezani na kompyuta anaingiza taarifa za abiria, akaomba pasipoti zote. Alizifungua moja moja haraka, kama afanyavyo kazini. Ya mama yake, ya Tumu, yake. Alipofika ya nne mkono ukasimama.

"Baba, hii ni ya Tanzania."

"Kwani mimi nilikuwa mtu wa wapi?"

"Viza yako iko wapi?"

"Hatuhitaji viza. Nimesoma mwenyewe."

"Sisi hatuhitaji," Bushra akasema polepole. "Wewe unahitaji."

Ni kweli. Miaka kumi kabla yake, Samira alipochukua uraia wa Afrika Kusini, Mselem alikataa katakata na kutoa hotuba ya nusu saa kuhusu Tanga, bendera na makaburi ya babu zake. Hotuba hiyo aliikumbuka neno kwa neno. Alichosahau ni kwamba aliyeitoa ni yeye.

Samira aliinuka akaenda jikoni, bomba likafunguliwa, na chini ya sauti ya maji Mselem akasikia wazi mkewe akicheka kwa kujizuia, kicheko cha mtu aliyeng'ata kitambaa. Tumu alifunika uso kwa mto wa kochi. Ni Bushra tu ambaye hakucheka.

"Kila wiki nawarudisha watu nyumbani kwa kosa hili," alisema. "Huwa najiuliza, hivi hawa hawana mtu wa kuwaambia?"

Waswahili husema mganga hajigangi. Mselem aliwahi kuitumia methali hiyo kwa kila mtu aliyemjua. Jumapili ile alikaa nayo mwenyewe kwenye kiti mpaka chai ikapoa.

Kesho yake alikuwa ubalozini Pretoria kabla mlango haujafunguliwa, na faili lake kwapani. Afisa aliyemsikiliza alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba. Aliomba picha, barua ya kazi, kisha mpango wa safari. Mselem akamkabidhi kurasa kumi na nne. Yule mama alisoma ya kwanza, akasoma ya pili, akavua miwani.

"Wewe ni dereva wa malori?"

"Msimamizi wa safari, mama."

"Hapa umeandika, 'kuhakiki mzigo kabla ya kuondoka'. Unapeleka mzigo gani Brazili?"

Mselem akaichungulia karatasi. Alikuwa ameitoa ratiba kwenye fomu ileile ya malori na sehemu nyingine hakuzifuta. "Mzigo ni mke wangu na watoto," alisema.

Afisa alicheka akapiga meza kwa kiganja, akaomba radhi, akacheka tena. Kisha akamwambia kwa upole kwamba maombi yamepokelewa, yatashughulikiwa kwa zamu, na hawezi kumwahidi kwamba yatakuwa tayari kabla ya tarehe yake. Akamshauri pia, kwa nafasi yake kama mtu aliyezaliwa Salvador, kwamba mji ule hauzungukwi kwa dakika arobaini.

Tarehe ikafika, viza haijafika. Kusogeza safari haikuwezekana, shule ya Tumu ilikuwa inafunguliwa mwezi huohuo. Samira alitaka wabaki wote. Mselem akakataa, na kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze akasema jambo la maana: "Nendeni. Kosa ni langu, msilibebe ninyi." Uwanjani aliwaombea dua, akamkabidhi Samira ratiba ndani ya mfuko wa plastiki, na walipokuwa wanaingia ndani mdomo ukamponyoka kwa mazoea: "Karatasi kwanza!" Watu wakageuka. Samira naye akageuka, akamtazama tu. Mselem akajitia kukohoa.

Nyumba ilikuwa kimya mno. Johannesburg ilikuwa na baridi ile ya Julai inayoingia kupitia soketi za umeme. Alitundika saa ya pili ukutani na kuirudisha nyuma saa tano, akakaa na nakala ya ratiba, na siku ya pili wakati uliopangwa akapiga simu.

"Saa hizi mnatakiwa muwe mmeshapita kituo cha mafuta cha tatu," alisema.

"Tumelala," Samira akajibu.

"Gari je?"

"Hatukukodi gari. Tulipanda ndege ya asubuhi mpaka Salvador. Tumu alipapenda kwenye picha."

"Na ratiba?"

"Imetufaa sana, Baba Bushra. Jana mvua ilitukuta njiani, nikaivaa kichwani."

Mselem alikata simu na kubaki akiitazama nakala yake. Kurasa kumi na nne, na kazi pekee ziliyoifanya duniani ni kukinga kilemba cha mkewe. Akajikuta anacheka peke yake sebuleni, kwanza kidogo, halafu kwa sauti, mpaka jirani akagonga ukuta.

Siku ya nne simu ya ubalozi ikalia: aje achukue pasipoti yake. Akaenda Pretoria na kurudi bila kukumbuka alipitia barabara ipi. Bushra akamtafutia nafasi kutoka hukohuko. Akapata kiti cha mwisho kabisa, ubavuni mwa choo, na saa zote za angani kila aliyepita alimgonga bega. Safari ya kwanza ya likizo maishani mwake, na hakuwa na karatasi hata moja yenye saa. Anwani ya wanapolala hakuwa nayo. Alijua tu kwamba atapokewa.

Alitokea mlango wa abiria wa Salvador mchana, joto limetanda kama shuka iliyolowa, naye amevaa koti lake la sufu hadi magotini kwa sababu halikuingia begini. Jasho lilimtiririka hadi soksi. Kabla hajawaona, alisikia sauti.

"Mama, angalia Baba! Amevaa blanketi! Iko kama dubu imepotea!"

Mselem akasimama katikati ya watu. Sauti ilikuwa ya Tumu. Maneno yalikuwa ya Kiswahili.

"Usipige kelele," Samira alikuwa akimwambia.

"Lakini hakuna mtu anasikia, Mama. Na huyu mzee na kofia yake, ona, kama sufuria!"

Walimweleza wakiwa ndani ya teksi. Siku ya kwanza dukani Tumu alimsema mtu kwa Kiingereza, kumbe yule mtu amekielewa chote. Aibu yake haikusimulika. Tangu hapo akagundua kwamba ndani ya begi la kichwa chake alikuwa na lugha ambayo mji mzima ule hakuna aliyekuwa na ufunguo wake, akaitumia asubuhi hadi jioni kusengenya viatu, nywele na mbwa wa watu. Bushra naye akaambukizwa. Siku nne wamesema Kiswahili kingi kuliko Jumamosi zote za ubao na chaki.

Mselem alifungua mdomo. Alitaka kusema kwamba dubu si "iko", dubu ni "yuko", na si "imepotea", ni "amepotea". Samira akambana paja kwa kucha mbili. Mselem akaufunga mdomo, akaufungua tena, akasema: "Dubu ana njaa."

Walimpeleka pembeni mwa uwanja wa kanisa, kwa mama mmoja aliyevaa magauni meupe yaliyovimba, karai la mafuta mekundu likimchemkia mbele. Mselem akapokea kitu cha duara, moto, kilichopasuliwa na kujazwa kamba wadogo. Akang'ata. Akatafuna. Akasimama.

"Bajia za kunde," alisema.

"Za kunde," Samira akakubali. "Wamekaangia mawese. Ngoja uone kesho, wana samaki wa nazi."

Amevuka bahari nzima, na mke aliyekimbia mawifi, ili aje kula bajia za Ngamiani. Alitaka kumshukuru yule mama, lakini Kihispania chote cha miezi minne kilimtoroka, na neno moja tu lililobaki ulimini lilikuwa lile alilokatazwa na Bakiri. Akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa. "Asante, mama," alisema. Yule mama akamwongezea pilipili, na pilipili hiyo ikamliza machozi, jambo lililomsaidia, kwani machozi yalikuwa yameshaanza kwa sababu nyingine.

Nyumba ya wageni walikolala ilikuwa ya bibi mmoja mnene mwenye meno ya dhahabu, na asubuhi alileta kahawa akiwa amejifunga khanga ya Mselem, maandishi juu chini. Samira alikuwa amempa doti mbili. "Alitungoja mlangoni usiku mmoja wa mvua," alieleza, "na wala hakutujua."

Siku zilizobaki Mselem aliishi bila kujua kesho. Jioni ya kwanza aliuliza: "Kesho tunakwenda wapi?" Tumu akajibu: "Tutajua kesho." Lilimuuma kama jino. Mara moja alijiiba akaandika nyakati mbili tatu kwenye karatasi ya mezani. Samira akaichukua bila kuisoma na kufutia mikono.

Siku ya tatu yake ilikuwa zamu ya Tumu kuongoza. Akawapandisha basi la kwenda ufukweni, na basi likaenda kwingine kabisa, milimani, kwenye mitaa ya ngazi na nguo za kuanika. Mselem aliona kosa tangu kona ya pili. Hakusema. Ni kazi ngumu kuliko zote alizowahi kuzifanya, na hakuna aliyempa nyota. Waliposhuka, mvua ikawaangukia kwa ndoo, wakakimbilia kwa kinyozi.

Kinyozi akawapa viti. Mvua haikuwa na haraka. Tumu akamtazama baba yake, na kwa Kiswahili chake cha mawe na changarawe akauliza: "Baba, wewe ulikuja Joburg namna gani? Kwa nini Joburg?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Yeye mwenyewe kwa miaka mingi aliwaachia waamini kwamba alichagua mji huo baada ya kufikiri sana. Akamtazama Samira, aliyekuwa akitabasamu kwa sababu aliijua habari yote.

"Sikuwa nakuja Johannesburg," Mselem akasema. "Nilikuwa nakwenda Durban. Rafiki yangu alisema kuna kazi bandarini. Nilishuka Johannesburg kubadili basi, nikakaa kwenye benchi nifunge macho dakika tano. Nilipoamka basi limeondoka, na begi langu ndani yake."

"Ulipitiwa na usingizi?" Bushra akauliza, naye kwa Kiswahili.

"Nilikoroma. Mtu aliyekaa karibu ndiye aliyeniambia, alidhani basi si langu. Ndipo nikaenda kulala Mayfair msikitini, na wiki ya pili nikamwona binti mmoja anauza mapazia."

"Eish, Baba! Wewe! Na ratiba yako!"

"Mimi. Kama ningekuwa na ratiba siku ile, ninyi msingezaliwa."

Walicheka wote wanne mpaka kinyozi, asiyeelewa hata silabi, akaanza kucheka nao. Kisha akamwonyesha Mselem kiti cha kunyolea na kumuuliza kitu, huku akipitisha kidole chini ya pua. Mselem, ambaye alikuwa ametulia na kujiona tena mtu mwenye uwezo, alimjibu kwa Kihispania safi kabisa, akiamini amesema "punguza kidogo". Akafumba macho. Alipofumbua, masharubu aliyokuwa nayo tangu ujana yalikuwa sakafuni.

Samira alisema amekuwa kijana. Tumu alisema amekuwa yai.

Siku ya kurudi, kwenye dirisha la uhamiaji la uwanja wa Johannesburg, wanawake wake watatu walipita upande wa wenyeji kwa dakika mbili. Yeye alipanga foleni ya wageni. Afisa kijana alifungua pasipoti, akaitazama picha yenye masharubu, akamtazama Mselem, akairudia picha.

"Huyu ni wewe, baba?" aliuliza.

"Ndiye mimi, mwanangu," Mselem akajibu. "Chukua muda wako."